Namjua mhusika wangu kwa kila kitu, ila riwaya haisogei

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 34, nafundisha hesabu katika shule ya sekondari hapa Tanga. Riwaya nimezisoma tangu nikiwa kidato cha pili, na mwaka jana nikaanza kuandika yangu ya kwanza. Sikutaka hadithi ya upelelezi wala ya mapanga. Nilitaka kumwandika mtu mmoja, mwanamke wa kawaida tu, mpaka msomaji amzoee kama jirani wa ukuta mmoja.

Mwanamke huyo nimemwita Bi Tatu. Ana miaka 52, ni mjane, anauza vitumbua kila asubuhi barazani kwake Ngamiani. Ni mwaminifu, mpole, mcha Mungu na mpenda ndugu. Kwa sababu ya uaminifu wake, kikundi chao cha vikoba kimempa sanduku la fedha alitunze ndani kwake. Amemlea Hamisi, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye sasa ni kijana anaendesha bodaboda ya mkataba. Kabla sijaandika sentensi ya kwanza nilijaza daftari zima juu ya Bi Tatu: kwamba hali pweza, kanga anayoipenda, sura za Kurani alizozihifadhi, kwamba usichanani alifanya kazi za ndani Korogwe akasingiziwa kuiba pete akafukuzwa bila mshahara, kwamba hulala ubavu wa kulia, kwamba anawaogopa paka. Hakuna utakachoniuliza juu yake nikakosa jibu.

Sasa nina sura sita, na wote waliosoma wananiambia neno lile lile. Shoga yangu alisema Bi Tatu amempenda sana, ila alipofika mwisho wa sura ya pili hakuona sababu ya kwenda ya tatu. Msomaji wa miswada wa kampuni moja ya uchapishaji aliniandikia mstari mmoja: hakuna kinachotokea. Mume wangu anasema nimtie mchawi, au Hamisi agongwe na lori. Mdogo wangu anasema watu siku hizi wanasoma hadithi za kwenye simu, kila kipande kinakatika patamu. Ile ajali niliiandika kweli. Nilipoirudia niliona nimeandika riwaya ya mtu mwingine, nikaifuta.

Mwalimu, riwaya inaweza kusimama juu ya mtu, bila vifo na bila mikasa mikubwa? Kama inaweza, mimi nimekosea wapi? Nilikusudia kuuwahisha mswada kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, lakini sasa hata kuufungua naona uzito.

Wako,
Mwalimu wa hesabu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Inaweza. Na ajali umefanya vizuri kuifuta. Usiirudishe hata akiiomba nani.

Nimeisoma barua yako na kuirudia, maana riwaya imo ndani yake. Imo kwenye barua kuliko kwenye sura sita unazonieleza. Umetuambia Bi Tatu ni mwaminifu, mpole, mcha Mungu, mpenda ndugu. Hujataja siku hata moja ambayo mojawapo ya sifa hizo ilimgharimu kitu. Mtu anayesifiwa bila kujaribiwa msomaji humpenda, kisha anafunga kitabu, na hivyo ndivyo alivyofanya shoga yako.

Tabia hii tumeitoa shuleni. Sote tumeketi kwenye mtihani wa fasihi tukaulizwa tueleze sifa nne za mhusika fulani na kutoa mifano, nasi tukajibu: ni mwaminifu, ana huruma, ni jasiri, ana mapenzi ya dhati. Darasani swali hilo lina kazi yake. Lakini linamtazama mtu baada ya kitabu kwisha, ameshatenda yote aliyotenda. Mwandishi anayeanza na orodha hiyo anaandika majibu ya mtihani wa kitabu ambacho bado hakipo. Daftari lako, kwa sehemu kubwa, ni majibu hayo.

Sisemi kwamba kazi haiwezi kujengwa juu ya sifa. Shaaban Robert aliifanya kazi hiyo kwa ustadi ambao sijauona tena. Katika Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na msomaji anawajua kabla hawajafumbua vinywa. Ile ni hekaya. Tunaifuata ili tuone wema unavyopimwa na haki inavyotolewa, na majina yenyewe yanatuongoza njia. Wewe hukuchagua njia hiyo. Umesema unataka mtu ambaye msomaji atamzoea taratibu, na mtu wa namna hiyo hajulikani kwa jina wala kwa wasifu. Anajulikana kwa anachokifanya pale ambapo kila anachoweza kukifanya kina hasara.

Tazama Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwaka 1971. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kwa akili yake anamlinda. Anamlinda kwa ukali mpaka Rosa anaogopa kuonekana hata karibu na wanaume, na baadaye anapofika mahali ambapo jicho la baba halifiki, ndani yake hamna kizuizi chake mwenyewe, kwa kuwa kizuizi siku zote kilikuwa fimbo ya Zakaria. Maafa yote ya kitabu kile yanaanzia kwenye nyumba ile na kwa baba yule. Mtoe Zakaria, au umfanye baba wa aina nyingine, na hadithi haipo. Sasa fanya jaribio hilo kwenye mswada wako: futa uaminifu wa Bi Tatu katika sura zote sita, umfanye mwanamke wa kawaida asiye mwaminifu wala mwizi. Kuna tukio lolote litakalobadilika? Kama hakuna, basi uaminifu wake bado uko kwenye daftari, haujaingia kwenye riwaya.

(Yale mafungu ya mhusika bapa, yule wa sifa moja tu, na mhusika duara tuliyokaririshwa yanatokana na mihadhara aliyoitoa Mwingereza E. M. Forster kule Cambridge mwaka 1927. Tunayakumbuka majina tu, kipimo chake tunakisahau: mhusika duara ni yule anayeweza kumshangaza msomaji na bado msomaji akamwamini. Bi Tatu wako hawezi kumshangaza mtu, kwa sababu wewe mwenyewe hakushangazi. Umeniandikia kwa fahari kwamba hakuna nitakachokuuliza ukakosa jibu. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote.)

Haya, tuje kwenye sanduku. Umelitaja katika sentensi moja ukapita, nami nilipofika hapo nilisimama.

Unajua vikoba vinavyoendeshwa. Sanduku la chuma lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu mbalimbali, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Hufunguliwa siku ya kikao, mbele ya wote, na fedha zinahesabiwa kwa sauti. Watu wananunua hisa, wanakopeshana, na mzunguko ukiisha wanagawana. Kwa hiyo kila usiku Bi Tatu analala juu ya fedha za watu, humo na hisa zake mwenyewe zimo, na hawezi kuzifikia. Majirani wanamwita mwaminifu, na majirani hao hao wameweka kufuli tatu. Anajisikiaje? Anajivunia? Kuna siku analitazama sanduku lile akahisi limewekwa kwake kwa kuwa yeye ni mjane asiye na mume wa kulivunja? Sijui, na nataka wewe pia uanze kwa kutojua.

Halafu kuna Hamisi. Bodaboda ya mkataba sote tunaijua: kijana anapewa pikipiki na tajiri, anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, akitimiza kiasi walichopatana chombo kinakuwa chake. Akirudi nyuma, tajiri anaweza kukichukua, na yote aliyokwisha kulipa yamekwenda. Basi mwache Hamisi arudi nyuma. Hakuna haja ya lori. Mvua za masika zimenyesha, abiria wamepungua, injini imetaka matengenezo, na umebaki muda mfupi tu mkataba uishe. Tajiri amesema Jumatatu.

Katika daftari lako mwaminifu na mpenda ndugu wamekaa mstari mmoja kwa amani. Usiku ule, katika nyumba ile ya Ngamiani, hawawezi kukaa pamoja. Hapo riwaya inaanza.

Nisikuachie maneno matupu. Ningeanza hivi, nawe utaandika kwa mkono wako:

Hamisi aliingia saa nne usiku, akaketi kwenye mbuzi ya nazi badala ya kiti. Bi Tatu alikuwa anafunika sufuria la vitumbua ili mchanganyiko uumuke hadi alfajiri.
"Umekula?"
"Nimekula, mama."
"Wapi?"
"Huko huko kijiweni."
Alimpakulia wali bila kumjibu, na Hamisi akaumaliza. Alinawa, akakaa kimya, kisha akauliza, "Mama, kikao chenu lini?"
"Jumamosi. Kwa nini?"
"Nauliza tu."
Bi Tatu aliichukua sahani akaiosha. Akaisuuza, akaiosha tena.

Hakuna aliyetaja fedha. Hakuna aliyesema "Bi Tatu alikuwa mwanamke mwaminifu". Lakini msomaji ameshajua kijana anataka nini, na ameshajua mama amejua. Kwenu Tanga watu hawaombi kwa kupiga mlango. Wanazunguka, wanauliza habari ya kikao. Uandike mazungumzo yako kwa mzunguko huo. Kila mahali ambapo mhusika anaeleza waziwazi anachohisi, jiulize angesema nini ili asikiseme, na uandike hicho.

Sasa fikiria milango aliyo nayo Bi Tatu. Anaweza kuomba mkopo kwenye kikao, kihalali kabisa, kikundi kipo kwa ajili hiyo. Msomaji mwenye akili atauliza hilo mara moja, na usipomjibu hatakuamini tena. Kwa nini haombi? Labda mmoja wa wenye funguo ni mwanamke aliyewahi kumwambia mtoto wa marehemu hatakuwa kitu, na kuomba mkopo ni kumkabidhi ushindi. Labda Hamisi alimwapisha asiseme. Labda ameshakopa, kimya kimya, na hilo hata wewe hukulijua mpaka jana. Kila jibu linakupa mwanamke tofauti. Ukichagua la kwanza, utagundua kwamba pamoja na uaminifu wake Bi Tatu anapenda kupita kiasi kuitwa mwaminifu. Hayo ni mambo mawili, na mtu anaweza kuishi miaka 52 bila kulazimika kuyatenganisha.

Ndiyo maana ile pete ya Korogwe imenishika. Umeitaja katikati ya pweza na paka, kana kwamba uzito wao ni mmoja. Msichana aliyeitwa mwizi ugenini, akarudi kwao mikono mitupu, halafu uzeeni mtaa mzima ukamkabidhi sanduku: huyo sanduku lile si chuma kwake. Ni ushahidi kwamba wale wa Korogwe walisema uongo. Anaweza kumwacha Hamisi apoteze pikipiki ili ushahidi huo usiguswe. Na anaweza kulivunja, akawa yule waliyemwita. Njia zote mbili zinauma, na zote mbili tutamwamini.

Kwa hiyo mambo ya pete usiyaweke sura ya kwanza. Mwandishi mpya hupenda kutanguliza utoto wa mhusika ili msomaji aelewe. Msomaji akielewa mapema hana cha kungojea. Zuia mpaka uamuzi uwe umeshafanywa, au umekaribia sana, kisha uitoe kwa sentensi chache, labda kwa mdomo wa mtu mwingine anayedhani ni hadithi ya zamani tu.

Daftari lako halikupotea. Pitia kila mstari na uulize: jambo hili linabadilisha chochote anapoamua? Pete inabadilisha. Ucha Mungu unabadilisha, iwapo utatuonyesha dua anayoiomba usiku ule. Naona akiomba Hamisi asije akamuuliza, na hiyo ni dua ya mtu anayejua atakachojibu. Pweza na paka waache walale daftarini.

Vitumbua usiviondoe. Nakisia umeandika kurasa nzuri juu ya mchele uliolowekwa, tui, iliki, kikaango chenye vishimo na kijiti cha kugeuzia, na msomaji wako wa miswada akazipita upesi. Alizipita kwa sababu Bi Tatu alikuwa anapika tu. Mrudishe barazani asubuhi ya baada ya usiku ule. Mkono unajua kazi wenyewe, mawazo yako chumbani, na mkaango wa kwanza unaungua. Mteja wa kila siku anacheka: "Leo vipi, Bi Tatu?" Naye anajibu, "Makaa haya mabaya." Makaa hayana ubaya wowote. Mwanamke tuliyeambiwa ni mwaminifu amesema uongo wake wa kwanza mbele yetu, juu ya makaa, kwa mteja asiyemdai kitu. Hilo ni tukio, mwanangu. Anayesema hakuna kinachotokea mwandikie ukurasa huo.

Swali lako la mikasa mikubwa sasa ni jepesi. Mikasa haikatazwi. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, imebeba harakati za kumwondoa Mwingereza Unguja, jambo kubwa kuliko lori lolote, lakini mlango tunaoingilia ni Yasmin, msichana aliyeozwa mzee Raza, ambaye hamtaki na anamwacha. Kukataa kwake ndiko kunamtoa nyumbani, na akishatoka ndipo anakutana na watu ambao siasa imo damuni mwao. Mume wako akitaka mchawi, mwambie atakuja siku ambayo Bi Tatu mwenyewe ataamua kumfuata, na siku hiyo huenda ikafika. Mdogo wako naye msikilize kidogo: waandishi wa hadithi za simu wanajua kutomwachia msomaji ashibe. Sura yako ya kwanza inaweza kuishia kwenye sahani inayooshwa mara mbili, na hakuna atakayelala kabla ya kuifungua ya pili.

Wenye funguo watatu wanahitaji kazi nyingi kuliko unavyodhani. Riwaya ya mtu mmoja haiandikwi kwa mtu mmoja. Kila mmoja wao anamtaka Bi Tatu awe kitu fulani: mmoja anamtaka awe mtakatifu ili naye ajisitiri nyuma yake, mwingine anangoja aanguke, wa tatu ana deni lake mwenyewe na angefurahi kupata mwenzake wa kulifungua sanduku. Wape majina, wape dhiki zao, na wape haki ya kuwa sahihi pale wanapompinga. Usimfanye yeyote kuwa mbaya kwa sababu tu anasimama njiani.

Juu ya tuzo: zawadi za kwanza za Tuzo ya Mwalimu Nyerere zilitolewa mwaka 2023, na milango yake haijafungwa kwa ajili yako. Usiuwahishe mswada ambao bado haujamwuliza mhusika wake swali. Na siku ya kuandika muhtasari kwa mchapishaji, usianze na "riwaya hii inamhusu mwanamke mwaminifu". Andika: mjane anayetunza sanduku la kikundi bila ufunguo ana siku chache za kumwokoa kijana aliyemlea, na njia pekee isiyomtia aibu ni ile itakayomfanya mwizi. Msomaji wa miswada akiishaisoma hiyo atataka kujua amefanyaje.

Sura zako sita ziweke kando bila kuzifuta, utachota humo. Andika usiku wa Hamisi, asubuhi ya makaa, na Jumamosi ya kikao, kwa mfuatano huo, bila kujiamulia mapema kama sanduku litafunguliwa. Ukifika Jumamosi na bado hujui Bi Tatu atasema nini pale mwenyekiti atakapoita funguo, endelea kuandika hivyo hivyo, kisha niletee kurasa hizo nizisome.